Mkono wa Kuwekea Mayai

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Aprili, mwaka wa tisini na sita, saa kumi na dakika ishirini jioni. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na daftari la mraba, lile la hesabu, ambalo nililificha chini ya magunia ya mtama katika chumba cha stoo, na siku hiyo niliandika mstari mmoja tu: “10.20. Senge amempa Amoit mayai.” Nikafunga daftari. Kwa msichana aliyezoea kuandika kurasa tatu kuhusu mwalimu kumtazama vibaya, mstari mmoja ulikuwa kama kupiga yowe. Mwezi uliopita tulimzika Senge, shangazi yangu, hapo hapo kijijini Mundika, nyuma ya lile jiko, nikalitoa daftari kwenye sanduku langu nikalisoma nikiwa nimesimama. Nilifikiri ningeona aibu ya kitoto ambayo mtu mzima anaweza kuicheka. Sikucheka.

Kwa nini niliishi kwa shangazi yangu na si kwetu ni habari ndefu, na si ya hapa. Itoshe kusema nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, na sikuwa na sauti. Mwalimu akiniuliza swali, jibu nalijua, lakini likifika kooni linakwama hapo mpaka mwingine alitoe. Kanisani niliimba kwa midomo tu. Wageni wakija nilikimbilia stoo, na kwa kuwa stoo ilitenganishwa na jiko kwa ukuta wa udongo uliokuwa na ufa, nilijua kila kilichosemwa katika boma lile bila mimi kusema neno. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho watu walikitambua, nacho kilikuwa mkono wangu wa kulia.

Kwetu kuku halalishwi mayai hivi hivi tu. Unayakusanya kwenye chungu chenye majivu baridi, unayapiga alama ya mkaa ili kuku wengine wakija kutaga humo ujue yapi ni mapya, unahakikisha hesabu haigawanyiki kwa mbili, halafu unamtafuta mtu mwenye mkono. Kuna watu mkono wao ukigusa mayai yanaviza yote, na si kosa lao, ndivyo walivyoumbwa. Na kuna watu wanaoweka kumi na tatu wakapata vifaranga kumi na tatu. Nilipokuwa na miaka kumi Senge alikuwa na jipu kwenye kidole, akaniambia niweke mimi, yakatotolewa yote. Tangu siku hiyo nikawa na mkono. Mama Wabwire, jirani yetu, alikuwa akisimama kwenye ua na kuita, “Senge, nikopeshe ule mkono wako!” nami natoka, siangalii mtu usoni, naingia jikoni kwake, naweka mayai moja moja, naondoka. Wananipa karanga au ndizi. Wanasema asante mama. Kwa dakika hizo tano nilikuwa mtu.

Amoit alikuja Januari, amepakiwa nyuma ya baiskeli ya boda boda na gunia la karanga mbele yake kama ameliweka mapajani. Mama yake alikuwa rafiki wa Senge wa sokoni, mfanyabiashara wa Malaba aliyekuwa akivuka mpaka kwenda ng'ambo, Uganda, kila siku na kurudi, na alitaka binti yake asome karibu na Busia ambako palikuwa na shule ya kutwa. Tukawa darasa moja, dawati moja, kitanda kimoja. Usiku wa kwanza tu alinisimulia maisha yake yote hadi nikalala katikati. Asubuhi alikuwa tayari jikoni na Senge, wanapika karanga za kusaga walizotia kwenye samaki mkavu, na Senge anacheka. Mimi nilikuwa nimeishi katika nyumba ile miaka sita na sikuwa nimewahi kumsikia Senge akicheka kabla ya chai.

Nitasema ukweli: Amoit hakuwa na ubaya wowote. Ningependa hapa kuandika kwamba alijidai, au aliiba sukari, ili msomaji anielewe. Alifua nguo zangu pamoja na zake bila kuulizwa. Akila mrenda aliniambia, “Nyabo,” kama wanawake wa ng'ambo wanavyoitana, “hii mboga inateleza kuliko waongo wa Malaba,” na wote tunacheka, hata mimi, kisha naenda stoo nachukia kwamba nimecheka. Siku moja nikiwa humo niliwasikia Senge na Mama Wabwire wakichambua maharagwe upande wa pili wa ufa.

“Huyu wako wa Malaba,” alisema Mama Wabwire, “anaingia jikoni hata moto unaamka.”

“Sasa huyo ndiye mtoto,” Senge akajibu. “Huyu mwingine, hata ukimkanyaga mguu hakwambii uondoke.”

“Lakini ana mkono.”

“Mkono anao. Mdomo ndio alisahau kuuchukua huko alikotoka.”

Wakacheka, si kwa ubaya. Maharagwe yakaendelea kudondoka kwenye ungo. Katika daftari siku hiyo niliandika: “Mkono ninao.” Niliandika mara nne.

Kuku mwenyewe tulimwita Sista, kwa sababu alikuwa mweusi mwili mzima na shingoni ana duara jeupe kama mtawa. Alitaga vizuri, yai kila siku, na Senge hakutaka alalie. Lakini mwisho wa Machi tulimkuta nyuma ya mtungi wa maji, ndani ya karai kuukuu lililotoboka, amejitanua, manyoya yamesimama, macho hayapepesi. Chini yake hapakuwa na yai hata moja. Alikuwa amelalia kigunzi cha mahindi. Senge alimtoa, akamtumbukiza tumbo kwenye maji baridi mara tatu, akamfunika na tenga uani kwenye upepo ili joto limtoke. Tulipomwachilia siku ya tatu alirudi mbio kwenye kigunzi chake. Senge akampitisha unyoya puani, kama bibi yake alivyomfundisha. Sista alipiga chafya, akarudi kwenye kigunzi.

“Huyu atalalia hata kiatu,” alisema Senge. “Haya basi, tumpe mayai.”

Nilinawa mikono. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Nilisikia neno hilo nikaenda kwenye jerikeni, nikanawa hadi kwenye kiwiko, nikajifuta kwa sketi, nikarudi jikoni nimeinyoosha mikono mbele kama daktari. Chungu cha mayai kilikuwa mapajani mwa Amoit. Alikuwa akipiga alama ya mkaa kwenye la mwisho, msalaba mdogo, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

“Leo acha Amoit ajaribu mkono,” Senge akaniambia, bila hata kugeuka, akiwa anakoroga uji. “Tujue naye yukoje.”

“Aki Senge, nisije nikayaharibu,” Amoit akasema. “Nafula ndiye fundi.”

“Nafula hatakasirika. Ama utakasirika, mama?”

Hapo ndipo ningesema. Jikoni palikuwa na moshi, uji unachemka, mvua ya Aprili inaanza kugonga mabati, na watu wawili wanangoja neno langu kwa upendo kabisa. Nilitikisa kichwa, kwamba hapana, sitakasirika. Amoit akachuchumaa mbele ya karai. Mimi Sista alikuwa akinidonoa kila nilipookota mayai yake, hata nikiwa na mkono wangu huo wote. Nilizoea kufunika kiganja kwa tambara. Amoit hakufunika. Alimsalimu kwa Kiteso, “Yoga, Sista,” akapenyeza yai la kwanza chini ya kifua chake, na yule kuku aliinuka kidogo, kama mama mnene anayempisha mwenzake kwenye benchi, akalipokea. Yai baada ya yai, hadi kumi na tatu. Mwishoni Amoit akamwambia, “Eyalama,” yaani asante. Sista akafumba macho. Nilitazama saa yangu ya plastiki.

Wiki iliyofuata siipendi kuikumbuka, ingawa daftari linaikumbuka vizuri. Amoit alichora mstari wa mkaa kwenye mwimo wa mlango wa jiko kila asubuhi, kuhesabu siku. Alimpelekea Sista mtama na maji kwenye kifuniko cha sufuria. Mlo wa jioni ulikuwa habari za Sista tupu: leo ametoka kunywa maji, leo amegeuza mayai kwa mdomo, leo amemfukuza paka. Senge aliuliza na Amoit alijibu, ugali wa muhogo na mtama ukipungua kati yao, na mimi namega tonge narudisha tonge. Niliwazia siku ya ishirini na moja. Niliona vifaranga kumi na tatu, nikamsikia Mama Wabwire kwenye ua akiita, “Senge, nikopeshe ule mkono wako!” na nikaona nani anatoka. Niliandika: “Akiwa na mdomo, awe na kitanda, awe na Senge. Lakini mkono pia?” Chini yake, kwa herufi ndogo sana: “Nataka yaharibike.” Ni ajabu kusoma mwandiko wako mwenyewe ukisema jambo kama hilo. Ulikuwa mwandiko mzuri, wa kulala upande mmoja, ambao ulinipa tuzo ya rula darasa la nane.

Jumapili ya pili, Senge na Amoit walikwenda Malaba kumwona mama yake Amoit. Nilishika kichwa, kwamba kinaniuma. Walipotoka nilikaa kitandani nikasikiliza boma. Kuku wengine walikuwa shambani. Kwenye kanisa la jirani walikuwa wameanza nyimbo. Niliingia jikoni nikachuchumaa pale pale alipochuchumaa yeye. Kila mtoto wa kijijini anajua kwamba yai lililolaliwa likitikiswa halitakuwa kifaranga tena. Ndiyo maana tulikatazwa hata kucheza karibu na kiota. Sista alinitazama kwa jicho moja. Nilipopeleka mkono alinidonoa nyama ya chini ya kidole gumba, akashika, akasokota. Damu ikatoka. Sikuurudisha mkono. Nilitoa yai lenye msalaba, lilikuwa la moto kama shavu la mtoto mwenye homa, nikalitikisa karibu na sikio langu, kama unavyotikisa chupa ya dawa kabla ya kunywa. Nikalirudisha. Nikatoa la pili. Nilifikiri nitaacha kwenye la tatu, nikafikiri nitaacha kwenye la saba. Nilitikisa yote kumi na tatu, na kila mara yule kuku alinidonoa, na kila mara niliporudisha yai alilivuta kwa mdomo akaliweka vizuri chini ya tumbo, kana kwamba namsaidia.

Walirudi jioni. Amoit aliona mkono wangu kabla sijauficha.

“Nini hii? Nani amekukata?”

“Waya wa ua,” nilisema. Hilo ndilo neno la kwanza nililosema siku hiyo.

Alipasha maji, akatia chumvi, akaniosha kidonda akiwa amekishikilia kiganja changu kwa mikono miwili, akikipulizia. Halafu akatoa kitu kwenye mfuko wa sketi. Ilikuwa kalamu ya wino wa buluu yenye kifuniko cha kubana, ya kutoka ng'ambo. “Naona unaandikaandika,” alisema. “Mimi hata sisomi, usiogope. Nimeona tu kalamu yako inavuja.” Sehemu yote iliyobaki ya daftari imeandikwa kwa kalamu hiyo.

Siku ya ishirini na moja ilifika, mistari ikiwa imejaa kwenye mwimo. Hakukuwa na sauti chini ya Sista. Senge alisema tungoje, mvua imepoza dunia. Siku ya ishirini na mbili, ya tatu, ya nne. Amoit aliinama akaweka sikio. Siku ya ishirini na tano harufu ilianza, na moja likapasuka lenyewe kwa kishindo kidogo, Sista akaruka, akarudi akalalia yaliyobaki. Ilibidi Senge amwondoe kwa nguvu. Tulikwenda wote nyuma ya choo na Senge akayavunja moja moja shimoni kwa kijiti, kuangalia. Yote yalikuwa maji ya kijani.

“Yote,” alisema Senge. “Sijawahi kuona yote.”

Amoit alikuwa ameziba pua kwa leso, macho yamejaa. Senge akampapasa mgongo. “Si kosa lako, mama. Huna mkono tu. Mungu akupe mdomo na mkono, sisi wengine atupe nini?” Akacheka kidogo ili naye acheke, na Amoit akacheka, akijipangusa. Kisha Senge akanigeukia. “Mwenye mkono ndiye huyu. Nilifanya mchezo.” Nilipata nilichotaka. Nilikipata mbele ya watu, kwa sauti, nikiwa nimesimama juu ya shimo linalonuka. Mwezi wa Agosti mama yake Amoit alipanga nyumba kubwa zaidi Malaba, akamchukua binti yake shule ya huko. Tuliagana kwenye ua. Nilitaka kusema. Lilifika kooni, likakwama.

Nimeweka mayai ya watu miaka mingi tangu hapo. Nimefundisha, nimeolewa, nimejifunza kusema mbele za watu, hata kwenye mikutano ya wazazi. Kila ninapoombwa kuweka mayai naweka, na yanatotolewa, na sijawahi kula karanga za asante bila kuhisi kitu kinasokota chini ya kidole gumba.

Amoit alikuja mazishini. Sikumtambua kwa sura, nilimtambua kwa jinsi watu walivyogeuka. Alikuwa mnene, mwenye kilemba kizuri, anaishi Adungosi na mumewe, na kabla hajaweka begi chini wanawake wa jikoni walikuwa wanacheka. Mimi niliyekuwa nimepika tangu Jumatano hakuna aliyecheka nami wala kunichekesha. Niliona kitu kile kile kikiinuka ndani yangu, kizima, hakijazeeka hata siku moja, na nikashangaa kwamba mtu anaweza kubeba mwili wa miaka arobaini na kitu na ndani yake bado kuna yule wa stoo.

Jioni tulikaa jikoni, mimi na yeye na wanawake wawili waliokuwa wanaosha masufuria. Nyuma ya mtungi, kwenye beseni la plastiki, kulikuwa na kuku wa Senge, mwekundu, anayelalia bila mayai. Mwanamke mmoja akasema huyo atachinjwa kesho, wageni wa mbali watakula nini. Amoit akamtazama kuku akatabasamu.

“Unamkumbuka Sista?” akaniuliza. Akawageukia wale wengine. “Mimi hapa mnaponiona, nafuga kuku mia na zaidi. Lakini siwezi kuweka yai hata moja. Sina mkono! Niliua mayai ya marehemu, kumi na tatu, harufu ilifika barabarani. Mpaka leo kuku akitaka kulalia naita jirani aje aniwekee. Mume wangu anasema mimi ni mwanamke wa ajabu. Binti yangu alipojifungua, sikumshika mtoto mpaka alipomaliza wiki. Nilisema huu mkono, usije ukawa ni wa vitu vyote.”

Wale wanawake walicheka hadi masufuria yakagongana. Yeye pia alicheka. Alikuwa amekisimulia kisa hicho mara nyingi, nilisikia, kilikuwa kimelainika kama mpini wa jembe. Lakini alipotaja mtoto aliutazama mkono wake mara moja, upande wa kiganja, akaufunika na ule mwingine.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wapishi. Nilikwenda kwa Mama Wabwire, ambaye sasa ni kikongwe, nikamwomba mayai, akanipa kumi na moja kwenye kibuyu bila kuuliza. Niliokota kaa baridi mekoni. Nikamwamsha Amoit, nikampeleka jikoni, nikamwekea kibuyu mapajani.

“Weka,” nikamwambia.

“Wewe Nafula, si nilisema jana? Mimi sina—”

“Unao. Nilikuwa nimeyatikisa mimi. Yote kumi na tatu, ile Jumapili mlipoenda Malaba. Haukuwa waya.” Nikamwonyesha kovu chini ya kidole gumba, dogo, ambalo huwezi kuliona usipoonyeshwa.

Hakucheka. Alinishika kidole gumba akakigeuzia mwangani. Halafu akasema polepole, “Na nilikuosha kidonda.”

“Ulikiosha.”

“Toka nje,” alisema. “Toka kabisa. Usimwangalie kuku wangu.”

Nilitoka. Nilivuta kigoda nikakaa mlangoni nikiwa nimegeuzia jiko mgongo. Wapishi walikuja na kisu, wakauliza yule kuku mwekundu yuko wapi, nikasema kwa sauti ambayo ilifika hadi kwenye hema, “Huyo amelalia. Haguswi.” Wakaenda kutafuta jogoo. Ndani nikasikia kaa likikwaruza ganda, mara moja, mara mbili, na sauti yake ya chini, ile ile: “Yoga.” Nilihesabu pamoja naye bila kugeuka, na bado niliona wivu, hadi kumi na moja.